Mpwa wangu anataka kuanzisha chama cha wahafidhina kampasi

Jumapili mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa ndani ya matatu, kelele tupu, "Anti uko nyumbani? Nakuja na kitu nataka uniangalilie." Mimi nikajua tu ni fee ama ni msichana, nikaanza hata kuhesabu kichwani nimebakisha ngapi kwa Mpesa, kumbe kijana anakuja na katiba. Kurasa 11. Ameenda saiba akaziprinti, akaziweka kwa ile folda ya plastiki kama mtu anaenda kuhojiwa kazi. Yeye na wenzake sita wanataka kuanzisha chama cha wanafunzi wahafidhina huko kampasi kwao (chuo sitakitaja, asije akaitwa ofisini kabla hata chama hakijazaliwa), na kwa sababu mimi ndiye niliwahi kusimama uchaguzi wa wanafunzi kwa hii familia yetu, basi mimi ndiye mtaalamu.

Sasa siku hiyo Mjomba alikuwa amekuja kutusalimia, yule kaka yake mamangu, amekaa pale kwa kiti chake anangoja chai na mechi. Akasikia neno wahafidhina, akapunguza sauti ya tivii.

"Wahafidhina wa kuhifadhi nini? Vifaru?"

"Zii Babu, si mambo ya wanyama."

"Mimi nauliza tu. Mnafungua chama ama mnafungua mbuga?"

Tukacheka, lakini ukikaa chini uwaze swali la mzee si la mchezo, maana neno lenyewe limetoka hapohapo kwa kuhifadhi, hata yule hafidh wa madrasa aliyeshika Kurani nzima kichwani ni ukoo mmoja na hawa, kwa hivyo mhafidhina ni mtu ameshika kitu mkononi na hataki kidondoke. Umeshika nini? Kijana akajibu familia, kanisa, biashara isiyosumbuliwa na serikali, na kodi kidogo. Mjomba akasema hiyo ya kodi kidogo hata yeye aandikwe, alipe kadi leo.

Wazo lenyewe alilitoa wapi? Video. Ameona video za vijana wa Uingereza wamevaa tai za kipepeo wanabishana huku wameshika glasi, akauliza hawa ni kina nani, akaambiwa hao ni OUCA, ndio chama cha wahafidhina cha Chuo Kikuu cha Oxford. "Anti, hawa ndo walitoa Thatcher." Nikamwambia aniachie hiyo folda nisome kwanza, na nisome pia hao watu wake, na usiku huo nililala saa nane nikisoma mambo ya Waingereza na kesho yake nilikuwa kazini macho mekundu kama mlevi.

Lakini bana, ni hadithi tamu.

OUCA ilianzishwa 1924 na mwalimu wa historia wa pale Christ Church anaitwa Keith Feiling, na kitu cha kwanza kilichonishika ni huo mwaka. 1924 ndio mwaka Uingereza ilipata serikali ya kwanza kabisa ya Labour, chama cha wafanyakazi, Ramsay MacDonald akawa waziri mkuu, mtu ambaye mamake alikuwa mfanyakazi wa nyumba. Yaani wale waliozoea kwamba nchi ni shamba la baba yao waliamka asubuhi wakapata funguo ziko kwa mtoto wa kijakazi. Mwaka huohuo Feiling akatoa kitabu cha historia ya chama chao cha Tory, ndio hao wahafidhina, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha vijana. Serikali yenyewe ya MacDonald haikumaliza hata mwaka, lakini mshtuko ulikuwa umeshaingia. Nikamwambia mpwa wangu kwa simu, unaona, hao walianza kujipanga wakati wameona kiti kinaweza kwenda, wewe hapa unahifadhi nini ambacho umeshakiona kikienda? Akaniambia atarudi na jibu. Bado nangoja.

Halafu kuna Edward Heath. Huyu alikuwa Balliol, kijana wa kupiga kinanda cha kanisani, baba yake fundi wa mbao, na 1937 akawa rais wa OUCA. Sasa sikiza hii. Mwezi wa kumi 1938 kukawa na uchaguzi mdogo wa ubunge pale Oxford mjini, wiki chache tu baada ya waziri mkuu Chamberlain kutoka Munich kukubaliana na Hitler. Mgombea wa wahafidhina ni Quintin Hogg, anaunga mkono Munich. Anayempinga ni A.D. Lindsay, mkuu wa chuo cha Balliol kwenyewe, mtu wa mrengo wa kushoto. Na Heath, aliyekuwa rais wa chama cha wahafidhina chuoni mwaka mmoja tu nyuma, akaenda kumfanyia kampeni Lindsay. Dhidi ya chama chake! Upande wao ulikuwa na ule msemo kwamba kumpigia Hogg kura ni kumpigia Hitler kura, maneno makali hayo. Hogg akashinda kwa kura elfu tatu na kitu. Na Heath hakufukuzwa, hakuitwa msaliti wa kuchomewa nyumba, mapema 1939 alikuwa rais wa Union, ile klabu kubwa ya midahalo ya pale, na mwisho wa yote akawa kiongozi wa chama kilekile na waziri mkuu kuanzia 1970 hadi 1974.

Nilimsomea Mjomba hiyo kwa simu akanyamaza kidogo. "Sisi ungefanya hivyo," akasema, "hata mbwa wako angeandikishiwa taarifa."

Nitarudi kwa Mjomba. Wacha nimalize huyu mama kwanza.

Margaret Roberts, ndiye baadaye Thatcher, alifika Oxford 1943, vita bado, anasomea kemia pale Somerville, babake ana duka la vyakula huko Grantham. Kaduka, si supamaketi. Mtu hana jina, hana shule ya wakubwa, na kibaya zaidi ni msichana, na ile Union niliyotaja haikukubali wanawake kuwa wanachama kamili hadi 1963. Hadi 1963! Sisi tunapata madaraka na wao ndio wanafungulia wasichana mlango wa chumba cha kubishana. Kwa hivyo ngazi aliyobaki nayo Margaret ilikuwa OUCA. Akaingia, akafanya zile kazi ndogondogo ambazo hakuna mtu anataka, 1945 akaenda kumpigia kampeni Quintin Hogg, ndio yuleyule Hogg wa Heath, na muhula wa kwanza wa mwaka wa masomo 1946 akawa rais. Mwezi wa kumi mwaka huo alikuwa kwa mkutano mkuu wa chama Blackpool hata miaka 21 hajafikisha, ameketi na watu ambao siku moja angewaongoza.

Na sasa ndio utamu wenyewe. Februari 1975 Heath yuko juu ya chama, amepoteza uchaguzi mara mbili mwaka uliopita, na anayejitokeza kumng'oa ni nani? Margaret. Raundi ya kwanza 130 kwa 119, Heath akaenda nyumbani. Marais wawili wa klabu moja ya wanafunzi, na mmoja anamla mwenzake mbele ya nchi nzima. Na Hogg, yule ambaye mmoja alimpinga na mwingine akampigia debe, akawa kwa serikali ya Thatcher kama mkuu wa mahakama tangu 1979 hadi 1987. Hiyo ni kampasi moja. Nikisema siasa ya chuo ni mazoezi watu hudhani natania.

Wengine walipita hapo pia, William Hague, Jeremy Hunt, Jacob Rees-Mogg, wote waliwahi kukaa kiti cha urais wa OUCA. Theresa May, waziri mkuu wa baadaye, hakuwa rais lakini ilikuwa kwa dansi ya hicho chama 1976 ambapo alikutana na bwanake Philip, na aliyewajulisha ni Benazir Bhutto. Benazir wa Pakistan, ndio! Na Liz Truss, waziri mkuu mwingine wa baadaye wa wahafidhina, akiwa pale alikuwa rais wa wanafunzi wa Liberal Democrats, wale wapinzani, hiyo nayo kila mtu aifafanue kivyake.

Sasa shughuli zao, maana katiba ya mpwa wangu ilikuwa na ukurasa mzima wa "Malengo" na hakuna mahali imesema watu watakuwa wakifanya nini Jumanne jioni. Hawa wa Oxford huita wageni, wabunge na mawaziri, wanakuja kuongea na wanafunzi wanawauliza maswali. Kuna chakula cha jioni cha kuvaa rasmi. Uchaguzi ukifika wanatoka kugonga milango ya watu kuombea chama kura, hiyo kazi ya mguu ndio makao makuu huipenda sana. Na kuna kile kitu chao maarufu kinaitwa Port and Policy, yaani unakunywa port, ile divai tamu nzito ya Ureno, huku mnajadili hoja, na si kujadili kwa adabu, mtu anasimama anaongea na wengine wanampigia kelele hadi akae. Mpwa wangu na wenzake ni wa kanisa hawagusi pombe kwa hivyo kwa katiba wameandika "Chai na Sera". Hiyo nimeipenda, hiyo sikuigusa.

Lakini jambo ambalo nilisoma mara mbili, na ndio sababu hasa naandika hii, ni hili. Kiti cha rais wa OUCA ni cha muhula mmoja. Oxford wana mihula mitatu kwa mwaka na kila mmoja ni wiki 8 za masomo. Kwa hivyo unapigania kiti, unachafuliwa jina, unashinda, unaita waziri wako, unapiga naye picha, na kabla hata hujazoea kuitwa mheshimiwa mrithi wako ameshachaguliwa anakuangalia tu uamke kwa kiti. Marais watatu kwa mwaka! Mtoto wa miaka 20 anajifunza kushindwa, anajifunza kurudi, anajifunza kuondoka, na anajua aliyemshinda leo ndiye watakuwa naye bungeni miaka 30. Sisemi wanafanya kwa usafi, mizengwe ya uchaguzi pale ni ya kiwango cha juu sana, lakini hakuna mtu anaweza kuzeeka kwa kiti.

Kwetu je? Mimi nilisimama uwakilishi wa hosteli, mwaka wa pili. Nilikuwa na manifesto, nimeandika mambo ya maji ya moto na balbu za ngazi. Mwenzangu alikuwa na chapati. Usiku kabla ya kura aliingiza karai mbili kwa bloku yetu, chapati na ndengu, na mimi mwenyewe nilikula, sikuwa na jinsi, nilikuwa na njaa. Nilipata kura 19. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndengu usiku najua kuna mtu anachaguliwa mahali. Na yule dada alikaa kwa kile kiti hadi tukamaliza shule, maji ya moto hatukuyaona.

Hadithi ya Mjomba ni nzito zaidi na huwa haitoi ovyo. Alikuwa mwanafunzi hapa Nairobi 1982. Mwezi wa sita mwaka huo ndio bunge liligeuza katiba nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na Agosti mosi wanajeshi wa angani wakajaribu kupindua serikali, na wanafunzi wengine wakatoka barabarani kushangilia. Chuo kikafungwa zaidi ya mwaka. Tito Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akafungwa miaka 10 na akafia gerezani 1988. Mjomba yeye alirudishwa ushago na alikuwa lazima aende kuripoti kwa chifu, mtu mzima wa chuo kikuu anasimama kwa foleni na watu wa kesi za mbuzi ili chifu amwandike kwamba bado yupo. Na mkuu wa chuo chako, chansela, ni rais wa nchi huyohuyo.

"Kwa hivyo wewe ukiniambia mwanafunzi wa kuunga mkono serikali aanzishe klabu," akasema Jumapili iliyofuata tulipokaa tena sote watatu, "ya nini? Sisi serikali ilikuwa na klabu yake tayari, ilikuwa inaitwa Kenya."

Hapo mpwa wangu akaandika kitu kwa simu. Nadhani aliihifadhi ile sentensi.

Na ni kweli, kuhifadhi hapa kwetu kulikuwa ni kwa aliye Ikulu. Ukitaka kuona vijana wetu wa aina hiyo usiangalie kampasi, angalia YK'92, Youth for KANU, vijana wa chama tawala cha wakati huo, kina Cyrus Jirongo, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Vijana wenye suti na pesa, na mmoja wao alikuwa anaitwa William Ruto, ametoka Chuo Kikuu cha Nairobi 1990 na digrii ya mimea na wanyama. Noti ya mia tano watu wakaibatiza Jirongo, na Moi akashinda Desemba 1992 kwa asilimia 36 tu kwa sababu upinzani uligawana. Hapo hakukuwa na jioni ya kubishana hoja na glasi mkononi, kulikuwa na pesa na kulikuwa na kazi, na kazi ilipoisha wakavunjwa.

Nafikiri uhafidhina wa kampasi zetu, ule wa imani, uko Christian Union (CU), kikundi cha wanafunzi Wakristo, na umekuwa hapo miaka yote. Huko ndiko watu wanafundishwa kuvaa, kuoa, kuweka akiba, kusimama mbele ya watu na maikrofoni. Huyo Ruto mwenyewe alikuwa mtu wa CU. Wengine wanacheka CU ni mahali pa kutafuta bibi, sawa, na Theresa May alimpata bwana wapi? Nilimwambia mpwa wangu kama unataka watu 200 Jumanne jioni usiende kuprinti kadi za uanachama, nenda CU ukaombe dakika tano baada ya matangazo. Ila CU haibishani. Hiyo ndio tofauti. CU mtu akisimama kupinga mwenyekiti ataombewa.

Sikumficha upande mbaya pia, maana aliona tai za kipepeo tu. 2009 hao OUCA walikuwa kwa kikao cha wagombea kujinadi na wagombea wakaulizwa watoe mzaha wa kibaguzi kushinda wote wanaoujua, na kuna waliotoa, na watu wakacheka. Ikafika magazetini, chuo kikawanyang'anya ruhusa ya kutumia jina la Chuo Kikuu cha Oxford kwa muda. Na si wao tu, nyuma huko miaka ya 80 kulikuwa na shirikisho la nchi nzima la wanafunzi wahafidhina, na baadhi ya watu wake ndio wale wa mabango ya Mandela anyongwe. Mandela! Lile shirikisho lilikuwa limekuwa kali hadi Norman Tebbit, mwenyekiti wa chama wakati wa Thatcher, na Tebbit si mtu laini, akalifunga 1986. Kilichomkera mwisho si hata Mandela, ni jarida lao lilimshambulia Harold Macmillan, waziri mkuu mstaafu wa chama chao wenyewe. Hapo nilikaa kidogo. Ukimtukana mzee wetu tunakufunga, ukitaka mzee wa wengine anyongwe tunasubiri kwanza.

Kijana akaniambia, "Lakini Anti sisi hatutakuwa hivyo." Nikamwambia hakuna mtu huandika kwa katiba kwamba atakuwa hivyo. Ni chumba. Ukiweka watu wanaofanana kwa chumba, wanacheka vitu ambavyo nje hawangecheka. Kwa hivyo alete na wasiokubaliana naye wakae hapo wakinywa hiyo chai, na chapati akitaka, lakini si usiku wa kura.

Ndio tukafika ibara ya 7. Sikutaka kuanza nayo, lakini hii ndio niliiwekea kalamu nyekundu. Ibara ya 7 inasema mwenyekiti mwanzilishi atahudumu "hadi atakapohitimu masomo yake au hadi atakapoona inafaa." Mwenyekiti mwanzilishi ni nani? Ni yeye. Mjomba alikuwa ameweka miwani anasoma begani kwangu, akaguna tu.

"Kwani ibara ya 7 iko na shida gani?" akauliza kijana.

"Haina shida," Mjomba akasema. "Naifahamu sana. Nilikuwa naenda kuripoti kwa chifu kwa sababu yake."

Nikafuta, nikaandika kando muhula mmoja, nikamwambia alete Michaelmas yake, ule muhula wa kwanza wa Oxford, hapa Thika Road, wiki 8 ama wiki 14 za semista yetu, lakini mtu akimaliza anatoka na anaweza kurudi kusimama baada ya wengine wawili. Akakunja uso, akabishana, mechi ikaanza ikaisha, akala akashiba, akaondoka saa mbili na folda yake.

Jumatano akanitumia rasimu mpya kwa Whatsapp. Nimeenda moja kwa moja kwa ibara ya 7. Muhula mmoja, imeandikwa vizuri kabisa, hata na koma. Halafu chini yake kuna ibara mpya, ya 7(b), kuhusu cheo cha mlezi wa chama, ambaye atakuwa mwenyekiti wa kwanza, na ambaye atahudhuria vikao vyote na kutoa mwongozo.

Nimeifowadi kwa Mjomba. Amejibu na picha ya kifaru.